Uzi: Safari ya familia kwa gari hadi Kitulo msimu wa maua. Naomba mnisahihishe mpango kabla ya Februari

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mwezi Februari nakusudia kuichukua familia yangu kwa gari letu wenyewe kutoka Dar es Salaam, tupite Morogoro, Mikumi, Kitonga na Iringa, tupande Nyanda za Juu Kusini hadi uwanda wa Kitulo wakati maua yamechanua, kisha tushukie Mbeya na Tukuyu kabla ya kugeuza kurudi nyumbani. Tutakuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wenye miaka 9 na 13, na mama yangu mzazi ambaye ametimiza miaka 68. Mama ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Njombe miaka 6 kabla sijazaliwa, akawa anasikia kila mwaka habari za maua ya Kitulo kutoka kwa wanafunzi wake, na hakuwahi kupata nafasi ya kupanda kuyaona. Safari hii ni yake kuliko ilivyo yetu, ndiyo maana sitaki kuikosea.

Nianze na majira, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mara mbili. Sisi hatuna majira ya kuchipua kama ya nchi za baridi, ambako theluji ikiyeyuka miti yote huvaa maua kwa pamoja. Kwetu mimea huchipua kwa nyakati mbili tofauti. Kwanza ni Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, wakati misitu ya miombo inapotoa majani machanga yenye rangi ya shaba na damu ya mzee, kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani msitu unaungua au unakauka kumbe ndio unazaliwa upya. Pili ni kule juu penye baridi, ambako nyasi na maua husubiri mvua zinyeshe kwanza, na maua ya Kitulo huwa katika ubora wake kuanzia Desemba hadi Aprili.

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi Agosti, kwa kuwa likizo yangu iliangukia hapo na kila niliyemuuliza aliniambia kiangazi ndio wakati wa safari za milimani. Barabara zilikuwa kavu kweli. Nilifika juu nikakuta ukungu mzito, upepo unaokata masikio na nyasi zilizonyauka hadi macho yalipokomea. Mara ya pili nilikwenda mwishoni mwa Machi. Maua niliyaona, tena kwa wingi ambao hadi leo nashindwa kuusimulia vizuri, lakini kabla ya kuyaona nilikaa saa 5 kwenye kona moja ya mlima, gari likiwa limeegemea ukuta wa udongo, hadi lori lililokuwa likirudi kuchukua viazi lilipotuvuta. Nikaelewa kwamba maua na matope ya Kitulo huletwa na mvua ile ile, na anayesubiri barabara ikauke atakuta nyasi tupu. Kwa hiyo mpango wangu wote umejengwa juu ya mvua, na ndio ninaotaka muukague.

Kwa wasioifahamu Kitulo, ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi, kwenye uwanda ulio takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, kwani imehesabiwa kuwa na aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Hakuna tembo wala simba, kwa hiyo mtu hutembea kwa miguu katikati ya maua bila hofu, jambo ambalo kwa mtu wa umri wa mama yangu ni neema, maana anaweza kwenda hatua anazoziweza, akaketi, akainuka tena.

Siku ya kwanza tutaondoka saa kumi na moja alfajiri ili tuvuke Kibaha na Chalinze kabla malori hayajajaa barabarani. Tutapita Mikumi asubuhi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50. Hapo watoto wataona swala, twiga, na mara nyingi tembo, wakiwa kwenye viti vyao. Nimewaeleza kwamba mwendo ni wa pole, kwamba hatushuki garini, na kwamba anayegonga mnyama hulipa faini kulingana na mnyama mwenyewe.

Kutoka mji wa Mikumi kwenda Ruaha Mbuyuni ndipo safari inapoanza kuwa tamu. Barabara inashuka kwenye bonde la Mto Ruaha Mkuu na kuingia katikati ya mibuyu, mamia kwa mamia, imesimama kwenye miteremko ya mawe pande zote mbili. Wengi huiona mibuyu hii ikiwa mitupu kama mizizi iliyogeuzwa juu, lakini wakati wa mvua huwa imevaa majani mabichi na bonde lote hubadilika sura. Hapo tutasimama kwa chai na kununua vitunguu. Baada ya hapo ni Mlima Kitonga, kisha Ilula penye nyanya, kisha Lugalo, ambako nitasimamisha gari penye mnara ili mama awasimulie wajukuu zake jinsi jeshi la Mkwawa lilivyolishinda jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Tutalala Iringa, baada ya kilomita 500 hivi, na sitaki kuendesha hata kilomita moja giza likiingia.

Siku ya pili tutapumzika Iringa. Asubuhi tutakwenda Isimila kuona zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na jioni Kalenga, ambako kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Siku ya tatu tutapita Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, tuvuke Makambako, tulale Chimala. Siku ya nne, kukipambazuka, tupande Hamsini na Saba.

Hamsini na Saba ni barabara ya udongo inayopanda kutoka Chimala hadi Matamba, na jina hilo limetokana na idadi ya kona zake. Kila kona inakuinua juu ya ile uliyotoka, na ukitazama nyuma unaona tambarare ya Usangu imetandazwa chini yako kama mkeka. Sijaona barabara nzuri kuliko hiyo nchini mwetu. Gari langu ni dogo lakini limeinuka na linavuta kwa magurudumu yote manne.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Je, ni busara kuipanda Hamsini na Saba mwezi Februari nikiwa na mama? Je, tulale juu au tushuke siku hiyo hiyo? Na baridi ya kule inamfaa mtu mzima mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa?

Natanguliza shukrani.

#2 – Mchangiaji

Mleta uzi, mpango ni mzuri lakini ni mrefu kwa mama wa miaka 68. Kwa nini usiende Lushoto? Usambara ni karibu zaidi, barabara ya kutoka Mombo ni ya lami hadi mjini, na mandhari yake haina mfano.

#3 – Mleta uzi

Ahsante ndugu. Lushoto tumekwenda mara nyingi na tutakwenda tena. Ila mama hakuniomba milima, aliniomba Kitulo kwa jina.

#4 – Mchangiaji (dereva)

Ndugu mleta uzi, nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 14, kwa hiyo nitazungumzia ninayoyajua, yaani Kitonga na miteremko.

Kitonga haiui watu kwa sababu ya ukali wake. Inaua kwa sababu ya haraka ya walio nyuma. Lori lenye shehena hupanda pale kwa gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake hujipanga magari madogo kumi ambayo kila moja linadhani zamu ya kupita ni yake. Usipite lori kwenye kona ya Kitonga hata kama aliye mbele amekuwashia taa ya kukuruhusu, kwa sababu yeye anaona mbele yake tu, wala hawezi kujua mwendo wa basi linaloshuka. Kaa nyuma, acha nafasi ya kutosha ili lori likizimika na kurudi nyuma kidogo lisikukute, na ufunge vioo kwa sababu ya moshi. Utapoteza dakika 30. Watoto watazame korongo.

Wakati wa kurudi, mtakaposhuka, ndipo umakini unapotakiwa zaidi. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupandia. Gari la otomatiki nalo lina gia za chini, wengi hawajawahi kuzigusa tangu walinunue. Ukishuka kwa kukanyaga breki muda wote, breki hupata moto, na ikiwa mafuta ya breki ni ya zamani yameshaingia unyevu, huchemka, na kanyagio huzama hadi chini bila gari kushikwa. Kabla ya safari mwambie fundi abadilishe mafuta ya breki, si kuongeza tu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, weka pembetatu zako, subiri magurudumu yapoe yenyewe. Usiyamwagie maji.

Jambo la pili ni vijiji. Kuanzia Chalinze hadi Mbeya vibao vya kilomita 50 ni vingi na tochi za polisi za kupima mwendo zipo, lakini sikwambii kwa sababu ya tochi. Nakwambia kwa sababu barabara hiyo ni uwanja wa watoto wa shule asubuhi na saa nane mchana.

Sasa Hamsini na Saba. Mimi niliipanda mara moja tu na gari la mtu, kwenda kuchukua viazi. Nikuulize jambo moja ambalo hujalisema: utashukia wapi? Kwenye udongo uliolowa, kupanda ni afadhali kuliko kushuka. Unapopanda, gari likishindwa linasimama. Unapoteremka, gari likishindwa haliwezi kusimama. Kama ni lazima uipite, ipite kwa kupanda, asubuhi, mvua ikiwa haijanyesha usiku. Ukikutana na gari kwenye sehemu nyembamba, anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda, ila usitegemee kwamba kila mtu anaijua kanuni hiyo.

#5 – Mchangiaji (mzaliwa wa Makete)

Ndugu mleta uzi, nimefurahi kuona mtu anapanga safari ya kwetu kwa makini namna hii, na nimeguswa na habari ya mama. Mfikishie shikamoo yangu.

Nikujibu kwa uwazi. Hamsini na Saba mwezi Februari inategemea usiku uliotangulia. Mvua zetu mara nyingi hunyesha kuanzia mchana kwenda jioni, kwa hiyo udongo ukipata usiku mkavu na jua la asubuhi, gari lako litapanda. Ikinyesha usiku, udongo ule mwekundu huwa kama sabuni, na hata magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne huanza kuteleza kuelekea pembeni, na magurudumu manne yote yakiwa yanateleza hayana faida kuliko mawili. Wewe mwenyewe ulishakaa hapo saa 5. Ukiwa kijana peke yako hilo ni hadithi ya kusimulia, lakini ukiwa na mama yako anayetakiwa kunywa dawa kwa saa zake na kwenda msalani, ni jambo jingine kabisa.

Mpango wako una kitu kimoja ambacho sikielewi. Mama alifundisha Njombe miaka 6, nawe unapita Makambako, kilomita 60 hivi kutoka Njombe, bila kuingia! Kata kushoto pale Makambako. Barabara ya Njombe ni ya lami, na kutoka Njombe hadi Makete sasa ni lami pia, inapita kwenye mashamba ya chai na misitu ya kupandwa, kisha inaingia kwenye milima yetu ambako kila kona inafunua bonde jipya. Mlale Njombe usiku mmoja, mama aione shule yake. Kesho yake mwende Makete mjini, mlale hapo. Siku inayofuata mpande uwandani asubuhi kutokea upande wa Makete.

Faida nyingine ni ya mwili. Kutoka Chimala ni kupanda kwa ghafla, asubuhi moja tu unatoka kwenye joto la Usangu hadi mita 2,600. Kwa njia ya Njombe unapanda kidogo kidogo, unalala kwenye baridi ya wastani kabla ya baridi kali, na kichwa hakiumi. Na ikitokea lolote, Hospitali ya Ikonda iko wilayani kwetu, na watu husafiri kutoka mikoa mingine kuja kutibiwa hapo.

Kutoka Kitulo unaweza kuendelea hadi Kikondo na Isyonje, ukaingia kwenye lami ya Mbeya na Tukuyu. Njia hiyo ina sehemu za udongo lakini haina mteremko kama wa Hamsini na Saba. Muulize dereva yeyote wa gari la abiria aliyetoka huko asubuhi hiyo hiyo, usimuulize aliyepita juzi.

#6 – Mchangiaji (mwalimu wa baiolojia)

Naomba nichangie kuhusu maua yenyewe, kwa sababu nimeona watu wengi wanafika Kitulo, wanapiga picha kutoka dirishani kwa nusu saa na kuondoka wakisema hawakuona kitu cha ajabu.

Maua ya Kitulo hayasimami yote mahali pamoja kama ya bustani ya kupandwa. Ukiwa barabarani utaona rangi kwa jumla, manjano hapa, zambarau pale, na yale marefu yanayofanana na mienge, mekundu juu na ya njano chini. Okidi, ambazo ndizo fahari kuu ya hifadhi, nyingi ni fupi na hujificha kwenye majani, hasa sehemu zenye unyevunyevu. Inakupasa ushuke, utembee polepole, upige magoti. Watoto wako wataziona kabla yako kwa sababu wako karibu na ardhi. Wapeni daftari kila mmoja, wachore kila ua wanalolikuta, na jioni wahesabu. Nimefanya hivyo na wanafunzi wangu, na hakuna aliyeuliza tunaondoka lini.

Mweleze mama pia kwa nini hifadhi hii ilianzishwa, maana atakuwa anaijua Kitulo ya shamba la mifugo. Viazi vya baadhi ya okidi huliwa, hasa nchini Zambia, ambako hupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Okidi za kwao zilipopungua, wafanyabiashara walikuja kununua kwetu, na uwanda ukaanza kuchimbwa. Ukichimba kiazi umeua mmea wote, na biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuutangaza uwanda huu kuwa hifadhi. Kwa hiyo watoto wasichume hata ua moja.

Mkitazama juu mtaona ndege pia. Wapo tandawala wakubwa wanaotembea kwenye nyasi kama wazee wenye shughuli, na wakati wa mvua huja mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezaliana kwenye nyasi za nyanda za juu. Katika msitu wa Livingstone, ambao uko ndani ya hifadhi, anaishi kipunji, kima ambaye Wanyakyusa walimjua kwa jina hilo tangu zamani lakini wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu. Siwaahidi kwamba mtamwona. Msitu ni mzito na yeye ni mwenye haya.

#7 – Mchangiaji

Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunafikiria safari kama hii, kwa hiyo naomba kuuliza mambo ya kawaida ambayo wanaume huwa wanayasahau. Nguo za namna gani? Chakula kinapatikana huko juu? Malipo ya kiingilio yanafanyikaje?

#8 – Mchangiaji (mzaliwa wa Makete)

Dada, hayo si mambo ya kawaida, ndiyo safari yenyewe.

Nguo: mtoto avae tabaka kwa tabaka, si koti moja zito, kwa sababu asubuhi kuna baridi kali, saa tano jua linachoma kwelikweli, na saa nane inaweza kunyesha mvua ya mawe. Sweta mbili nyepesi ni bora kuliko moja nene. Kila mtu awe na gamboti, koti la mvua la plastiki, kofia ya sufu, na soksi za akiba kwenye mfuko usiopitisha maji. Jua la juu huunguza hata kukiwa na mawingu, kwa hiyo mafuta ya kupaka ni muhimu hasa kwa watoto wenye ngozi laini.

Chakula: uwandani hakuna mgahawa wa kutegemea, kwa hiyo ondokeni Makete na chupa za chai, viazi vya kuchemsha, mayai na maji. Viazi mviringo vya kwetu havihitaji sifa yangu. Mkipata matufaha ya Makete, nunueni ya kutosha, kwa kuwa yanastahimili safari.

Malipo: getini hawapokei fedha taslimu. Hupewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, au unatumia kadi. Kwa kuwa mtandao wa simu milimani hukatika, wasilianeni na hifadhi na mlipe mapema mkiwa mjini, na kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa ili mtozwe kiwango cha raia. Jazeni mafuta Njombe au Makete mjini, msisubiri mbele.

#9 – Mleta uzi

Wakuu, nimesoma michango yote mara mbili, kisha nikamsomea mama kwa sauti. Aliposikia ushauri wa kukata kushoto Makambako alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa nini mimi sikuufikiria. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeipanga safari yake kwa kufuata barabara niliyoipenda mimi.

Mpango sasa umebadilika. Iringa tunalala usiku mbili kama mwanzo. Siku ya tatu tunapita Mafinga na Makambako na kuingia Njombe kabla ya saa tisa mchana, tunalala huko, na kesho yake asubuhi tunakwenda shuleni kwake. Mchana wa siku hiyo tunaelekea Makete, tunalala. Siku ya tano tunapanda uwandani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunatembea hadi saa saba, na saa nane tuwe tumeshatoka kwenye sehemu za udongo. Siku ya sita nimeiacha wazi kabisa, bila mipango, ili mvua ikiharibu siku ya tano tupande tena. Nadhani hilo ndilo kosa nililolifanya zamani: kila siku yangu ilikuwa na mahali pa kufika, kwa hiyo mvua ikinyesha nilijilazimisha kwenda.

Tukiambiwa njia ya Isyonje inapitika, tutatokea huko na kulala Tukuyu. Kutoka hapo tutakwenda Daraja la Mungu na Kijungu, sehemu ambazo hazina mwendo mrefu wa miguu. Ziwa Ngosi nitakwenda na kijana wangu mkubwa peke yetu, kwa sababu njia yake inapanda msituni na huteleza. Tukiambiwa haipitiki, tutarudi Njombe kwa lami tuliyojia na Mbeya tutaiacha kwa mwaka mwingine. Matema, ambayo nilikuwa nimeifikiria bila kuitaja hapa, tumeifuta. Ufukwe ule wa Ziwa Nyasa unastahili safari yake peke yake.

Hamsini na Saba nimeiacha. Nitawapeleka watoto hadi Matamba kutokea juu, ikiwa kavu, wasimame waione inavyojikunja chini hadi Usangu, na hapo tutageuza gari.

Kuhusu shinikizo la damu, nimempeleka mama kwa daktari wake. Amemruhusu, amemtaka asikatishe dawa, apumzike siku ya kwanza ya baridi, na apimwe tukifika Makete. Mafuta ya breki yamebadilishwa jana. Fundi alinionyesha yale ya zamani kwenye chupa, yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala.

#10 – Mchangiaji (dereva)

Umefanya vizuri, mkuu. Nikuongezee viwili tu. Tairi la akiba lijazwe upepo na ujaribu kulifunga mwenyewe ukiwa nyumbani, maana jeki nyingi za magari madogo hazifiki kwenye gari lililozama. Chukua kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki, koleo, na kamba ya kuvutia gari. Na kwenye ukungu tumia taa za chini, zile kubwa hukurudishia mwanga machoni. Ukishindwa kuona, toka barabarani kabisa kabla hujasimama.

Shule ya mama iko sehemu gani ya Njombe? Mimi nilisoma huko.

#11 – Mleta uzi

Nimeyaandika yote mawili. Kuhusu shule, mama amechukua simu na amesema atakujibu mwenyewe kwa ujumbe wa faragha, kwa sababu anataka kwanza kujua ulisoma mwaka gani na nani alikuwa mwalimu wako wa darasa la tatu.